Mama Aliyefariki Naye Aandikwe



Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo Suratul Baqara, inatuamuru tuandike deni. Hapa Kasansa tunaitii vizuri. Msimu wa mpunga, kila mnunuzi ana daftari: nani kachukua pesa kabla ya mavuno, atalipa gunia ngapi, nani alishuhudia. Likipungua gunia moja tunaweka kikao mpaka usiku. Lakini mama akifa kwa uzazi, tunazika, tunaomba dua, tunasema kazi ya Mungu, basi. Uchungu ulianza saa ngapi? Damu ilianza lini kumwagika? Nani alisema tusubiri kukuche? Hatuulizani.

Ni kweli, Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwanamke anayekufa kwa uzazi ni shahidi. Hiyo ni daraja yake mbele ya Mola wake. Si udhuru wetu sisi tuliochelewa kumtoa nyumbani.

Tazameni faida ya kuandika vifo, na hasara ya kuandika uongo. Waingereza walianza kusajili vifo kiserikali mwaka 1837, Malkia Victoria akiwa ndiyo kwanza ameshika ufalme. William Farr, mtakwimu wao, akasisitiza kila kifo kiandikwe na sababu yake. Ikaonekana wazi: katika kila uzazi 1,000, mama wanne au watano walikuwa wakifa, wengi kwa homa ya uzazi. Huko Vienna, mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wa wodi yake ya wazazi wanawe mikono kwa maji ya klorini, na vifo vikashuka sana. Lakini Uingereza wako madaktari waliomwandikia marehemu ugonjwa wa tumbo badala ya homa ya uzazi ili wasichafuke jina, na mama wakaendelea kufa hivyo hivyo mpaka Victoria mwenyewe akafariki.

Tusiwacheke. Mzazi akianguka, akikakamaa, akitoa povu, sisi tunasema kapandwa na majini. Kile ni kifafa cha mimba, ndugu zangu, na dawa yake ipo hospitali.

Alhamdulillah, nchi yetu ya Tanzania imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya mama wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Kifo cha mama kikitokea hospitali, kamati hukaa kutafuta palipokwama. Aliyefia nyumbani, au njiani juu ya bodaboda, habari zake tunazo sisi tu. Mtendaji wa kijiji apewe taarifa, na apewe kweli yote, hata kama aliyesema tusubiri ni baba mkwe, hata kama ni mume mwenyewe. Kumsitiri marehemu ni ibada, lakini kuficha kilichomuua kunamweka hatarini mama mwingine.

Na mwenye mke mjamzito, akitoka hapa achukue kadi ya kliniki aandike juu yake 115. Ni namba ya m-mama, ya usafiri wa dharura wa wazazi. Kupiga ni bure. Mama mkwe aijue, na jirani mwenye simu aijue, maana uchungu unaweza kuanza nawe uko shambani.