Dhamana ya Mwenye Mbwa

Ndugu zetu Waislamu, sharia imeturuhusu kuweka mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda. Lakini wako miongoni mwetu wasemao, "Mbwa ni najisi, hatumgusi," kisha humfunga mlangoni pasi na kumpeleka kuchanjwa. Twasema: unajisi wa mate yake haumwondolei mwenyewe dhamana akimuuma mtoto wa jirani.

Kichaa cha mbwa, dalili zikishadhihiri kwa mtu, takriban hapana aponaye. Kabla ya hapo kinga ipo: jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe hospitali siku ile ile achanjwe. Na paka aumaye hukumu yake ni hiyo hiyo. Dua tutaomba, ama kutosheka na kombe na kuiacha sindano si tawakkul, bali ni kujitia katika maangamizo tuliyokatazwa.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kuwa mtu alisamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Sembuse amchanjaye mbwa wake kila mwaka, akamwepusha jirani na mauti?

Wabillahi tawfiq.