Kisu cha Pili

Mtu aliyepasuliwa pua ili irekebishwe, kisha bandeji zikafunguliwa naye asipendezwe na alichokiona, je, yafaa arudi tena kwa daktari? Zamani swali hili lingalionekana kuwa la matajiri wa ng'ambo. Leo sivyo. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilitangaza huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbile. Tena, pikipiki katika njia kuu ya Tunduma na Sumbawanga yaweza kumvunja pua kijana wa Mpui, huko nyanda za juu za Ufipa, sawasawa na kijana wa mjini.

Wengi watajibu upesi: "Aridhike na alivyoumbwa." Jibu hilo ni jepesi mno. Kijana huyo hana tena pua aliyozaliwa nayo. Anayo pua aliyoachiwa na ajali na mkono wa binadamu. Kumwambia aipokee kana kwamba ndivyo alivyoumbwa ni kumsingizia Mungu kazi ya mtu.

Papa Pio XII, tarehe 4 Oktoba 1958, siku chache kabla ya kufariki, alisema na madaktari wapasuaji wa Italia juu ya jambo hili hili. Hakuulaani ufundi wao. Alifundisha kwamba uzuri wa mwili ni kitu chema, ijapokuwa si chema kupita vyote, na kwamba upasuaji wa namna hiyo hupimwa kwa nia na kwa hali ya mambo. Si halali kuutumia ili kuwatega wengine, wala kumficha mhalifu asishikwe na sheria.

Basi ruhusa ipo. Linalobaki ni kujua kama sababu ipo, na hapo mafundi chuma wa kale wa Ufipa wanaweza kutufunza. Waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri refu la udongo. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na takataka, kwa hiyo kilitiwa motoni mara ya pili katika tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo kikafaa kufuliwa jembe. Fundi hakuona aibu kurudia moto. Lakini alijua anachotaka kukitoa, nacho kilipotoka, aliacha.

Vivyo hivyo anayetaka kisu cha pili na aitaje kasoro. "Sivuti pumzi kwa tundu la kushoto." "Mfupa umepinda." Kasoro inayotajika yaweza kupimwa, nayo ikiondolewa mwenyewe atajua kwamba imeondoka. Lakini asemaye tu, "Sijipendi," hajaitaja kasoro ya pua; ametaja huzuni. Huzuni hiyo si mzaha, nayo yastahili msaada. Ila kisu hakiifikii, na mwenye kuitibu kwa kisu hatajua pa kukomea. Baada ya cha pili atatamani cha tatu.

Uganga wenyewe wadai saburi. Uvimbe wa pua iliyopasuliwa hukawia kuisha, na kwa kawaida madaktari hungoja kama mwaka mmoja kabla ya kuigusa tena. Makovu ya kwanza huifanya kazi ya pili kuwa ngumu zaidi, na pengine hulazimu kuchukua gegedu la sikioni au la ubavuni ili kujenga palipopungua. Mwaka huo wa kungoja si hasara. Ni nafasi ya kumwuliza daktari mwingine, na ya kuhesabu gharama pamoja na jamaa. Kutoka Mpui hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000, na ng'ombe atakayeuzwa si wa mgonjwa peke yake. Labda ndiye aliyewekwa kwa ajili ya ada ya mdogo wake.

Na sisi watazamaji je? Mwimbaji Michael Jackson wa Marekani alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1988 kwamba pua yake ilipasuliwa mara mbili. Alipozuru Afrika Februari 1992, akafika na Tanzania, watu walibishana sana juu ya mkono wake uliokuwa ukienda puani. Ikiwa mtu mwenye sifa duniani kote hakusalimika na macho ya watu, atasalimikaje binti anayekwenda gulioni Mpui? Mara nyingi anayempeleka mtu kwenye kisu cha pili ni yule aliyemcheka baada ya cha kwanza.

Kwa hiyo, enyi wazazi, mtoto wenu akiwaletea shauri hili, msimcheke wala msimwambie kwamba ni pua tu. Mwulizeni kwa upole: kasoro ni ipi? Akiweza kuitaja, mpelekeni kwa daktari anayejua kazi hiyo, wala msione haya. Asipoweza, kaeni naye kwanza, mjue ni nani aliyemwumiza.