Mnazi Wangu, Ardhi ya Mjomba

Kisiwani Mafia, mnazi waweza kuwa na mwenyewe, na ardhi uliposimama ikawa na mwenyewe mwingine. Pat Caplan, mwanaanthropolojia aliyeanza utafiti wake kijijini Kanga mwaka 1965, aliikuta desturi hiyo ikiwa hai. Nawaza juu yake, na juu ya Kiegeani, kijiji kingine cha Mafia, kila ninaposikia kwamba hati za ardhi zitoke kwenye karatasi ziingie kwenye kompyuta.

Watu wa biashara ya bahari wamelipima jambo hili kwa makini. Hati ya shehena haielezi mzigo tu. Anayeishika kihalali ndiye anayeudai mzigo bandarini. Mwaka 2017, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa ilitoa sheria ya mfano inayoruhusu hati ya aina hiyo kutoka karatasi kwenda kompyuta, na kurudi. Sharti: hati mpya itamke kwamba imebadilishwa umbo, na ya zamani ipoteze nguvu papo hapo. Zikibaki hai zote mbili, watu wawili watafika gatini kudai mzigo mmoja.

Ardhi haimo katika sheria hiyo, lakini swali ni lilelile. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya 1999, inaipa haki ya ardhi ya kimila hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali. Huko Iringa, katika mradi ulioanza 2014, vijana wa vijijini walipima mashamba kwa simu. Taarifa zikaingia kwenye kompyuta, ndipo hati zikachapwa. Karatasi hapo imezaliwa na kompyuta. Na haki yenyewe? Hiyo ilitoka kwa majirani waliosimama mpakani wakasema, hapa ni kwake, pale ni kwangu.

Majirani ndio hati ya kwanza, na hakuna muhuri unaoweza kubeba yote wanayoyajua. Chukulia mwanamke wa Kiegeani aliyerithi minazi ya mama yake, iliyo ndani ya shamba la mjomba. Hati ya ardhi itamwandika mjomba, na itakuwa kweli. Mjomba mwenyewe ukimuuliza atakwambia, "Ile minazi ya mpwa wangu." Lakini mjomba akishafariki, mnunuzi akaja kutoka Dar es Salaam, kompyuta itamjibu yale tu iliyoandikiwa. Hapo hakuna aliyedanganya wala aliyeiba, na bado mtu amepoteza mali. Hilo ndilo linaloniuma: dhuluma isiyo na mdhalimu, ambayo hata baraza la ardhi halitajua limwite nani kuijibu.

Sikatai kompyuta. Karatasi huliwa na mchwa, na moto haubagui. Ila sharti la 2017 huiua hati ya zamani mara ile mpya inapozaliwa, na linawafaa wenye meli, kwa kuwa yote wanayodaiana yameshaandikwa. Vijijini ningetaka sharti jingine litangulie: hati ya kwanza isihesabiwe imekufa mpaka yote iliyoyabeba yamesomwa kwa sauti katika mkutano wa kijiji na kuandikwa, zikiwamo haki za wasio na ardhi.