Mazungumzo Penye Mizani

Kwamkoro, upande wa mashariki wa milima ya Usambara, si mbali na Amani, chai haina sikukuu. Majani yakishachumwa huanza kunyauka, na sharti yafike kiwandani siku ile ile. Naye mchumaji hulipwa kwa kilo alizochuma. Ndipo ibada, ambayo vitabuni ni jambo la mbinguni, inapogeuka kuwa jambo la mizani. Ijumaa adhuhuri, atuaye kikapu akaenda msikitini hupunguza ujira wake. Abakiye shambani huuongeza. Wote wawili huenda wakawa Waislamu kwa jina, majirani, pengine watoto wa tumbo moja. Jumapili huwa zamu ya Wakristo.

Basi jioni wazungumze nini watu hawa? Wengi husifu kunyamaza. Waulizane habari za mvua, bei ya unga na ada za shule. Dini wasiiguse, wabaki marafiki. Adabu hiyo ina sura nzuri, lakini ndani yake mna dharau. Kila mmoja amekwisha kumhukumu mwenziwe: yule hamchi Mungu, huyu hawafikirii wanawe. Na hukumu isiyosemwa haikatiwi rufaa.

Wayahudi waliwahi kuonyesha jinsi hukumu za namna hiyo zinavyokosea, na ardhi iliyobishaniwa ilikuwa ya Afrika Mashariki. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alimpendekezea Theodor Herzl nyanda za Uasin Gishu, ambazo leo zimo Kenya, ziwe makazi ya Wayahudi waliokuwa wakiuawa huko Urusi. Mpango huo umezoeleka kuitwa wa Uganda. (Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa na yeyote, jambo hilo linastahili insha yake.) Agosti mwaka huo, mkutano wa Wazayuni mjini Basel ulipiga kura: 295 waliafiki tume ipelekwe kuitazama ardhi, 178 walikataa.

Asiyejua angekisia kuwa washika dini ndio walioililia Yerusalemu, na wasioshika dini ndio walioridhika na malisho ya Afrika. Ikawa kinyume. Kundi la Mizrachi, la rabi Yitzchak Yaakov Reines, kwa sehemu kubwa liliafiki, maana roho za watu zilikuwa hatarini. Wajumbe wengi wa Urusi, ambao sinagogi halikuwa desturi yao, walitoka ukumbini, na wengine wakaketi sakafuni wakilia kama wafiwa. Hata wajumbe wa Kishinev, mji ambao Wayahudi wake waliuawa Aprili ile, walikataa. Mwaka 1905 mpango ukatupwa.

Kumbe jina la mshika dini halisemi moyo umeshika nini. Abakiye shambani Ijumaa huenda anamuuguza mama, na kila kilo ni dawa. Aendaye msikitini huenda hakuzidi imani. Pengine ile ndiyo saa pekee ya juma ambayo hakuna anayemhesabia. Mambo haya hayajulikani kwa mabishano juu ya kuwako kwa Mungu. Hujulikana mtu anapouliza, bila kejeli: "Ndugu yangu, leo umepungukiwa kilo ngapi?"

Swali hilo huzaa jingine lililo gumu zaidi. Tuseme aliyebaki anamtilia mwenziwe majani kikapuni, kufidia saa ya sala. Mwenye kuswali apokee? Akipokea, sala yake imelipiwa na asiyeswali. Akikataa, atakuwa ameilinda thawabu yake, lakini amemfungia nduguye mlango wa pekee aliouchagua kuukaribia msikiti. Wako watakaosema akatae. Ila kukataa huko kunanuka kiburi kuliko ucha Mungu. Apokee, kisha jioni wagombanie kilo hizo, wakicheka, mpaka chai yao ipoe.