Je, Kubeti ni Kazi?
Andiko: Waefeso 4:28

Kijana mmoja aliniuliza: "Pasta, mkulima wa Rukanga anabahatisha mvua na ndovu. Mchimba vito anabahatisha mwamba. Mbona mimi nikiishi kwa mkeka ni dhambi?"

Swali zuri. Lakini mkulima akivuna, jirani anakula. Mchimbaji akipata jiwe, mnunuzi naye amepata kitu. Hiyo ndiyo biashara. Mwaka 2017 Mkenya mmoja alishinda jekipoti ya shilingi milioni 221. Zilitoka wapi? Mifukoni mwa waliokosa.

Paulo hasemi tu tufanye kazi kwa mikono. Anataka tupate cha kumgawia mhitaji. Basi jiulize: ushindi wako umemlaza nani njaa? Kijana wangu, weka simu chini. Njoo tuongee baada ya ibada. Amina.