Usambe ni Utajiri

Jioni za Ramadhani, dakika chache kabla ya adhana ya magharibi, vichochoro vya Tandika na Mwananyamala hujaa watoto waliobeba sahani zilizofunikwa. Ndani mna mihogo ya nazi, magimbi au tambi. "Mama kasema mfuturu," mtoto husema mlangoni kwa jirani, kisha hukimbia kwao. Nyumba iliyopika mihogo mitupu hupeleka mihogo hiyo hiyo.

Watoto hao wanaishi methali ya "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" kabla hawajakutana nayo darasani.

Neno linalowatatiza wanafunzi ni "usambe". Ni ufupisho wa "usiambe", kutokana na kitenzi kuamba, yaani kusema. Kitenzi chenyewe hakisikiki sana siku hizi, ila uzao wake umo vinywani kila siku: kuambia, kwamba, ambaye. Methali hii basi ina katazo, na katazo hilo linauhusu mdomo. Linafunga mlango wa udhuru. Asiye na kingi asiseme angetoa kama angekuwa tajiri. Tajiri naye asidhani kwamba mali imeshamfanya kuwa mtoaji.

Na moyo ni nini? Kwa Mswahili, moyo hauishii kwenye huruma. Mtu hupiga moyo konde, hujipa moyo, hufanya jambo kwa moyo mmoja. Moyo ni mahali pa uamuzi. Ndiyo maana mzazi anayempokonya mtoto kashata ampe mdogo wake amegawa kashata tu. Aliyenyang'anywa hajatoa kitu, na huenda somo alilopata ni kwamba mwenye nguvu huchukua.

Mwaka 2012 watafiti Lara Aknin, Kiley Hamlin na Elizabeth Dunn walichapisha utafiti waliofanya Kanada kwa watoto wasiotimiza miaka miwili. Kila mtoto alipewa vibiskuti, kisha akaombwa kumgawia mwanasesere. Nyuso za watoto zilionyesha furaha kubwa zaidi walipotoa kuliko walipopokea. Furaha hiyo ilizidi pale kibiskuti kilipotoka kwenye bakuli la mtoto mwenyewe, kuliko alipopewa kingine na mtafiti ili akitoe. Utajiri wao wote ulikuwa bakuli lile.

Tofauti hiyo inawahusu wazazi wa Tandika na Mwananyamala. Jumapili kanisani, mtoto hupewa sarafu aitumbukize kwenye kapu la sadaka. Kabla ya swala ya Idi, zaka ya fitri hutolewa pishi moja ya chakula, kama kilo mbili na nusu za mchele, kwa kila mtu wa nyumbani, mtoto mchanga akiwemo. Baba ndiye hulipa. Dini zote mbili zinamweka mtoto kwenye safu ya watoaji mapema, lakini sarafu na mchele bado ni vya mzazi. Mkono wa mtoto unazoea njia. Moyo wake haujaulizwa.

Huulizwa baadaye, pengine mchana wa Idi. Mtoto ana mia tano aliyopewa na shangazi, amenunua kashata yake, na rafiki asiyepata kitu amesimama karibu. "Nimegee," anasema rafiki. Mama hayupo wa kumtuma, wala hakuna anayetazama. Kashata ni moja, na kidole gumba kimeshaibana katikati.