Moto na Maji ya Mtakatifu Yoane

Tarehe 24 Juni Eklezya huadhimisha Kuzaliwa kwa Mtakatifu Yoane Mbatizaji. Ni watatu tu ambao Eklezya huadhimisha kuzaliwa kwao: Bwana Wetu Yezu Kristu, Bikira Maria Mama yake, na huyu mwana wa Zakaria na Elizabeti. Sikukuu ni moja kwa Wakristo wote, bali desturi zake ni nyingi.

Katika Hispania furaha huanza usiku wa kuamkia siku hiyo. Katika mji wa A Coruña, kando ya bahari ya Atlantiki, watu huwasha mioto mikubwa juu ya mchanga wa pwani. Humo hutupa mbao na vitu vikuukuu, na vijana huruka juu ya moto. Usiku wa manane wengi huingia baharini na kuruka mawimbi, wakitumaini kuacha humo mabaya ya mwaka uliopita.

Huko kaskazini, mwezi wa Juni ndio wenye mchana mrefu kuliko yote. Kisha mchana hupungua hata Noeli, ndipo huanza kuongezeka tena. Mtakatifu Augustino aliona hapo mfano: Yoane alikubali kupungua ili Kristu azidi. Bambu ni karibu na ikweta, na mfano huo hauonekani angani. Lakini mfano wa maji na moto uko karibu sana. Tangu dhahabu ya Kilo ilipogunduliwa mwaka 1903, wachimbaji wa nchi hii wanajua kwamba maji huondoa mchanga, na moto huondoa taka iliyojificha ndani. Ndivyo Yoane alivyofundisha: yeye alibatiza kwa maji, bali Yule ajaye nyuma yake atabatiza kwa Roho Mtakatifu na kwa moto.

Kumbe, maji ya bahari huosha ngozi tu. Watu walipomwuliza Yoane wafanye nini, hakuwaambia waruke mawimbi. Alimwagiza mwenye kanzu mbili kumpa asiye nayo. Aliwakataza watoza ushuru kuzidisha, na askari kuwaonea watu.

Agizo hilo linaigusa Ituri, iliyoona vita vya miaka 1999 hadi 2003 na mauaji mengine baadaye, nyumba zikateketea kwa moto usiotakasa kitu. Mnunuzi wa dhahabu mwenye mizani ya uongo, askari atozaye wapita njia, mtu alimaye shamba la jirani aliyekimbia vita: hao hawana haja ya kutafuta bahari. Mizani itengenezwe, fedha irudishwe, shamba lipewe mwenyewe. Anayekwenda kuungama huku ameshika mali ya mwenzake hajatubu bado. Kurudisha kunauma kama moto. Lakini ndiko kunakoipatanisha mioyo ya majirani, na ndilo tunda la toba alilolidai Yoane.

Mtakatifu Yoane Mbatizaji, utuombee.